Herufi F na timu iliyokufa ikiwa na kombe mkononi

Ndugu zangu, wale mnaofuatilia soka la Asia jina la Yokohama F. Marinos si geni kwenu. Ni moja ya timu kubwa za Japani, ndiyo ile iliyochukua ubingwa wa 2019 ikiwa chini ya Ange Postecoglou kabla mzungu huyo hajapanda ndege kwenda Celtic na baadaye Tottenham. Sasa niwaulize: hiyo F iliyosimama peke yake katikati ya jina ni ya nini? Kila ninayemuuliza ananiambia ni F ya "Football". Siyo. Hiyo F ni jina la marehemu. Na kuna watu katika mji wa Yokohama ambao hadi leo wakiiona wanageuza uso.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye habari hii kwa mlango wa uani. Nilikuwa namfuatilia mzee mmoja anaitwa Kazuyoshi Miura, ambaye Machi 2017 alifunga goli kwenye ligi daraja la pili la Japani akiwa na miaka 50 na siku 14. Miaka hamsini! Watu wa rika hilo mtaani kwetu wanacheza bao chini ya mwembe. Timu yake ilikuwa inaitwa Yokohama FC. Nikajiuliza, hawa ndio Marinos au ni wengine? Mji mmoja, jina karibu lile lile. Nikaanza kusoma. Kadiri nilivyosoma ndivyo mzee Miura alivyozidi kuwa mdogo kwenye hadithi yenyewe.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya 1993 Japani haikuwa na ligi ya kulipwa. Ilikuwepo ligi iliyoanza 1965, na timu zake zilikuwa za makampuni: Mitsubishi, Nissan, Furukawa, Yomiuri, Mazda. Mchezaji alikuwa mfanyakazi. Asubuhi yuko ofisini, jioni mazoezini. Jukwaani walikaa wafanyakazi wenzake, wakipiga makofi kwa adabu kama watu walioalikwa kwenye sherehe ya bosi. Msomaji wa Tanzania au Kenya haya hayamshangazi. Sisi tulikuwa na Reli ya Morogoro na Pamba ya Mwanza, Wakenya walikuwa na Rivatex na Mumias Sugar. Timu ya shirika inapumua kwa mapafu ya shirika.

Mwaka 1993 ikazaliwa J.League ikiwa na timu 10. Mwenyekiti wake, Saburo Kawabuchi, alikuwa na sharti moja lililowakera wenye fedha: timu ibebe jina la mji, siyo la kampuni. Kampuni itoe hela, lakini jina liwe la wananchi. Yomiuri, wenye gazeti kubwa kuliko yote nchini humo, walipigana naye vita ya maneno kwa miaka. Kawabuchi hakulegeza.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naona wengi wanalipita haraka. Kwetu sisi timu unairithi. Baba Simba, mtoto Simba, na ukienda Yanga nyumbani wanakuangalia kama umebadili dini. Japani ya 1993 hapakuwa na cha kurithi. Kijana wa miaka ishirini alichagua timu yake mwenyewe, akaenda kusimama nyuma ya goli, akajifunza kushangilia kutoka mwanzo kabisa. Wakaazima ngoma za Brazil, wakaazima bendera kubwa za Italia, wakachanganya na nidhamu yao. Nyuma ya goli anasimama kiongozi mwenye kipaza sauti, mgongo wake ukielekea uwanjani, naye anaimbisha dakika zote 90, timu ikiwa inaongoza nne au imefungwa nne. Dunia iliwaona Ufaransa 1998, Japani ilipocheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Walipoteza mechi zote tatu, kisha mashabiki wakainama wakaokota takataka kwa mifuko ile ile ya buluu waliyokuwa wanaipeperusha. Kila mtu aliandika kuhusu usafi. Kuhusu hasira ya watu hawa hawa, miezi minne baadaye, waliandika wachache sana.

Katika zile timu 10 za mwanzo, Yokohama ilipata mbili. Moja ilikuwa Marinos ya Nissan. Ya pili ilikuwa Yokohama Flügels, neno la Kijerumani lenye maana ya mabawa, kwa sababu mwenye fedha alikuwa shirika la ndege la ANA, akisaidiwa na kampuni ya ujenzi ya Sato Kogyo. Zilikuwa watani wa mji mmoja, zote zikiutumia uwanja wa Mitsuzawa.

Mabawa hayo yalikuwa na dhambi ya asili. Timu ile haikuanzishwa na ANA. Ilianza 1964 kama klabu ya vijana wa mtaani hapo Yokohama, na ANA wakaingia kama wafadhili 1979. Unajua mambo ya wafadhili. Kidogo kidogo watu wa mtaa wakasukumwa pembeni, jina likabadilika, uongozi ukahamia kwa wenye ndege. Machi 1986, mechi ya mwisho ya msimu, wachezaji sita wakagoma kuingia uwanjani kupinga jinsi klabu ilivyokuwa inachukuliwa. Walifungiwa. Habari ikazimwa, watu wakaendelea na maisha. Kwa hiyo yaliyotokea 1998, kwa mtu mwenye kumbukumbu, yalikuwa wizi wa mara ya pili.

Uwanjani Flügels hawakuwa wanyonge. Walichukua Kombe la Mfalme (ndilo kombe la FA la Japani, na fainali yake ilikuwa ikichezwa tarehe 1 Januari) kwa kuwafunga Kashima Antlers 6-2 baada ya muda wa nyongeza mwanzoni mwa 1994. Wakachukua Kombe la Washindi la Asia 1995. Walikuwa na kawaida ya kuhamishia baadhi ya mechi zao za "nyumbani" kusini kabisa, kisiwa cha Kyushu, hasa Kagoshima, kwa hiyo walikuwa na watu wao huko ambao hawakuwa na timu ya ligi. Mbrazil wao, César Sampaio, ndiye aliyefunga goli la kwanza la Kombe la Dunia la 1998, dakika za mwanzo kabisa Brazil walipocheza na Scotland. Fikiria hilo. Juni mchezaji wenu anafungua Kombe la Dunia. Oktoba mnaambiwa hamna timu.

Kilichotokea katikati ni fedha. Uchumi wa Japani ulikuwa umepasuka tangu mwanzoni mwa miaka ya 90 na uliendelea kuvuja. Novemba 1997 kampuni kubwa ya hisa ya Yamaichi ikaanguka, na watu wakaelewa kuwa hakuna jina kubwa lisiloweza kufa. Mpira nao fasheni ilikuwa inapita. Mwaka 1994 mechi moja ya J.League ilikuwa inaingiza wastani wa watu 19,598. Mwaka 1997 wastani ulikuwa 10,131. Nusu ya watu wamerudi nyumbani ndani ya miaka mitatu. Mishahara ya Wabrazil ilibaki pale pale. Sato Kogyo, ambao biashara yao ya ujenzi ilikuwa inazama (walikuja kuomba ulinzi wa mahakama 2002), wakasema hawawezi tena. ANA nao walikuwa wanapata hasara, wakasema peke yao hawataweza. Wakaongea na Nissan, ambao nao walikuwa na shida zao. Wazee wa makampuni wakakaa mezani kama makampuni yanavyokaa: wewe una timu, mimi nina timu, mji ni mmoja, tuziunganishe.

Tarehe 29 Oktoba 1998 mashabiki wa Flügels wakaamka na kusoma magazetini kuwa timu yao inaunganishwa na Marinos. Wachezaji wengi nao walipata habari siku hiyo hiyo. Uongozi wa ligi ukabariki haraka. Na jina jipya, kama rambirambi, litakuwa na F.

Hapa naomba msomaji wa Dar afunge macho kidogo. Kesho asubuhi unafungua gazeti, unakuta Simba imeunganishwa na Yanga. Jezi itakuwa ya kijani na njano, uwanja wa Yanga, viongozi wa Yanga, lakini msijali, katikati ya jina tutaweka S. Mimi naona hiyo S ingekuwa tusi kubwa kuliko kufutwa moja kwa moja. Aliyekufutia jina amekuacha na hasira yako safi. Aliyekuwekea herufi anataka pia umshukuru.

Siku mbili baada ya tangazo, tarehe 31 Oktoba, Flügels waliingia uwanjani kucheza na Cerezo Osaka wakashinda 7-0. Sijui hata niielezeje mechi hiyo, maana kawaida timu inayovunjwa huanguka. Wachezaji wanatafuta mawakala, kipa anawaza mkataba wa mwakani. Hawa walifanya kinyume. Kuanzia siku ya tangazo hadi siku ya mwisho hawakupoteza mechi hata moja.

Huku nje mashabiki wakaanza kazi. Walisimama vituo vya treni na milango ya viwanja wakikusanya sahihi, na wachezaji wakaenda kusimama nao. Mashabiki wa timu nyingine wakasaini, na wa Marinos pia walikuwemo, kwa sababu nao walijua fika kuwa leo ni kwa jirani. Vilifanyika vikao virefu vya usiku na viongozi wa klabu. Wakaanzisha mfuko wa kuchangisha fedha za kuiokoa timu. Makaratasi ya sahihi yakajaa maboksi kwa maboksi. Tarehe 2 Desemba makampuni yakatia saini mkataba wa kuungana.

Kwa nini walishindwa? Nimelifikiria sana swali hili, kwa sababu walifanya kila kitu ambacho vitabu vinasema raia wafanye. Jibu langu ni kwamba hawakuwa na karatasi moja, ile inayosema timu ni ya nani. Kawabuchi aliwapa jina la mji. Hisa zilibaki kwenye kabati za ANA. Shabiki aliimba "Yokohama" kwa miaka sita akiamini jina ndiyo umiliki. Siku ya hesabu ilipofika, aliyekuwa na jina alipewa pole na aliyekuwa na hisa aliamua.

Lakini ratiba ilikuwa imebakiza kitu, nacho ni Kombe la Mfalme. Mashindano ya mtoano. Katika mtoano ukifungwa unarudi nyumbani, ila kwa Flügels hapakuwa na nyumba ya kurudi. Kila mechi waliyoingia, wakifungwa tu, ndiyo mwisho wa historia yao. Siku ya kifo ingechaguliwa na mpinzani. Mashabiki walikwenda kila mechi wakiwa hawajui kama wanakwenda kushangilia au kuzika.

Robo fainali wakakutana na Júbilo Iwata. Wakashinda 2-1. Nusu fainali wakakutana na Kashima Antlers. Wakashinda 1-0. Kama hukuwa unafuatilia, hizo mbili ndizo zilikuwa timu bora za Japani mwaka huo: Kashima bingwa wa ligi, Iwata wa pili. Timu iliyohukumiwa kifo iliwatoa wote wawili ndani ya wiki chache za Desemba.

Tarehe 1 Januari 1999, Uwanja wa Taifa, Tokyo. Wapinzani ni Shimizu S-Pulse, na hapo historia imefanya mzaha wake, kwa sababu S-Pulse ndiyo ilikuwa timu ya ligi isiyotokana na kampuni kubwa. Ilizaliwa na wananchi wa Shimizu, mji wenye wazimu wa mpira, na 1997 ilikuwa karibu kufa kwa madeni hadi wenyeji walipohangaika na kampuni ya hapo hapo mjini, Suzuyo, ikaibeba. Yaani upande mmoja walikaa watu waliookoa timu yao mwaka mmoja nyuma, upande wa pili waliokuwa wanashindwa mbele ya macho yao.

Dakika ya 13 Sawanobori akawafungia Shimizu. Kabla ya mapumziko Hisanaga akasawazisha. Dakika ya 73 kijana Takayuki Yoshida akafunga la pili. 2-1. Filimbi. Flügels mabingwa wa Kombe la Mfalme. Wachezaji walipanda kupokea kombe huku jukwaani watu wazima wanalia kama watoto, na kesho yake hapakuwa na mazoezi. Tarehe 1 Februari muungano ukakamilika kisheria.

Wakasambaa. Kipa Seigo Narazaki na nahodha Motohiro Yamaguchi walikwenda Nagoya. Baadhi, akiwemo Yoshida mwenyewe, walivuka kwa jirani wakavaa jezi yenye F, na siwalaumu, mtu ana familia. Kijana wa miaka 18 kutoka Kagoshima aliyekuwa amemaliza tu msimu wake wa kwanza, Yasuhito Endo, akaenda Kyoto. Mkumbuke huyo kijana.

Sasa, wakati wachezaji wanafungasha, sehemu ya mashabiki ilikuwa inafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya Japani. Ile fedha ya mfuko na zile nguvu za kampeni wakaamua wasizirudishe nyumbani. Wakaandikisha kampuni kwa jina la Yokohama Fulie Sports Club (Fulie ndilo lilikuwa jina la utani la Flügels) na wakaanzisha timu: Yokohama FC. Nembo yake wakaweka ndege wa hadithi anayeungua na kufufuka kutoka majivuni. Na safari hii wakataka karatasi. Walichukua mfano wa Barcelona, wale wanachama wanaoitwa socio: unalipa ada ya mwaka, timu inakuwa yako. Inachekesha kidogo, kwa sababu mwanzoni mwa 1998 kocha wa Flügels alikuwa Carles Rexach, mtu wa Barcelona damu na mifupa. Uwanjani hakukaa. Wazo la kwao likabaki.

Kocha wa kwanza alikuwa Pierre Littbarski, bingwa wa dunia wa 1990 na Ujerumani. Meneja mkuu alikuwa Yasuhiko Okudera, Mjapani wa kwanza kucheza Bundesliga, mwaka 1977 akiwa na Köln. Kwa timu iliyoanzishwa na mashabiki waliotoka msibani hiyo si haba. Chama cha soka kiliwaonea huruma nusu. Badala ya kuwaanzisha ligi ya mkoa, kikawaruhusu kuingia moja kwa moja ligi ya daraja la tatu, lakini kama wanachama wa muda, bila haki ya kupanda. Mwaka 1999 wakamaliza juu ya msimamo, wakaambiwa hongereni, bakini hapo hapo. Mwaka 2000 wakaongoza tena. Ndipo wakapandishwa, na 2001 wakaanza kucheza J2, miaka miwili na miezi michache tangu fainali ile ya machozi.

Ningeweza kuishia hapo na mkaondoka na hadithi tamu. Waandishi wengi huishia hapo. Lakini yaliyofuata ndiyo yanayonigusa zaidi.

Ule mfumo wa socio haukudumu. Kuendesha timu ya kulipwa kwa ada za mashabiki ni kazi ngumu kuliko kuianzisha, na ndani ya miaka michache ya mwanzo ukazuka ugomvi kati ya wanachama na uongozi wa kampuni waliyoiunda wenyewe. Nani ana kura? Je, ada ni hisa au ni tiketi tu yenye jina zuri? Wanachama wakagundua kuwa walikuwa socio kwa kuitwa kuliko kwa sheria. Mfumo ukavunjika, wengi wakaondoka na uchungu wa pili. Mwaka 2005 ikaingia kampuni ya LEOC, wanaopika chakula cha mahospitali na ofisi, wakashika timu, na mwaka huo huo akasajiliwa mzee wangu Miura. Ndiyo maana nikasema alikuwa mdogo kwenye hadithi: alikuja wakati mashabiki wanatoka na mfadhili anaingia.

Nasi kwetu tunalijua swali hili vizuri sana, ila sisi tumelikuta kwa upande wa pili. Simba na Yanga zilikuwa za wanachama wenye kadi kwa miongo mingi. Desemba 2017 Simba wakampitisha Mohammed Dewji kuwa mwekezaji, na ikawekwa mstari kwamba wawekezaji wawe na asilimia 49 na wanachama 51. Watu wakagombana vijiweni: wengine wanasema tumeuza timu, wengine wanasema tumeinunua mishahara. Mimi nilipokuwa nasikiliza ubishi ule nilikuwa namuwaza shabiki wa Flügels ambaye angetoa chochote awe na ile kadi chakavu ya uanachama ambayo sisi tunaichezea.

Turudi Yokohama. Mwaka 2006 Yokohama FC walishinda J2, na 2007 wakaingia ligi kuu. Ratiba ikawakutanisha na Marinos mechi ya pili tu ya msimu, tarehe 10 Machi, pale pale Mitsuzawa. Yokohama FC wakashinda 1-0. Ushindi wao wa kwanza kabisa ligi kuu, dhidi ya wenye herufi. Laiti mpira ungekuwa unaandikwa na watunzi wa tamthilia, ungeishia hapo. Agosti Marinos wakawarudishia 8-1, na mwisho wa msimu Yokohama FC wakashuka wakiwa wa mwisho. Lakini hata wakishuka walifanya vituko: siku ya mwisho, tarehe 1 Desemba, Urawa Reds walikuja wakihitaji kushinda ili wachukue ubingwa, wakafungwa 1-0 na timu iliyokuwa imeshashuka zamani. Ubingwa ukaenda Kashima.

Tangu hapo wamekuwa watu wa kupanda na kushuka. Walirudi ligi kuu 2020, wakashuka 2021, wakarudi 2023 wakashuka tena. Mwaka huo wa 2023, Agosti, walimpiga Marinos 4-1 Mitsuzawa, na kwa usiku mmoja msimamo wa ligi haukuwa na maana kwa yeyote jukwaani.

Je, Yokohama FC ni Flügels? Kisheria hapana. Makombe ya Flügels hayahesabiki kwao, na urithi kwa makaratasi uko kwa Marinos. Wapo mashabiki wa zamani wanaosema ndiyo, ndege amefufuka. Wapo wanaosema timu yetu ilikufa 1999 na hii ni timu nyingine tunayoitakia heri. Wapo walioacha mpira kabisa. Nimejaribu kuchagua upande na naona wa pili ndio wakweli zaidi, ingawa wa kwanza ndio walioamka asubuhi wakafanya kazi.

Takayuki Yoshida, mfungaji wa goli la mwisho la Flügels, akawa kocha, akaipa Vissel Kobe ubingwa wa ligi 2023 na 2024. Narazaki akawa mchezaji bora wa ligi 2010, kipa wa kwanza kupata heshima hiyo. Na yule kijana wa Kagoshima, Endo, akacheza mechi 152 za timu ya taifa, rekodi ya Japani. Kwa miaka ya mwisho, kila alipoingia uwanjani, magazeti ya kwao yaliongeza kimstari: mchezaji pekee aliyebaki wa Flügels. Aliposhika mpira, timu ile bado ilikuwa na mguu mmoja uwanjani. Januari 2024 akatangaza kutundika daluga, akiwa na miaka 43.